Kura Iliyopungua

Wanafunzi walimwita Sampuli, na yeye alijua. Kila mhadhiri hupachikwa jina, na wapo waliopachikwa mabaya kuliko hilo. La kwake lilitokana na swali moja tu. Mtu angeingia ofisini na pendekezo lake la utafiti amelibana kwapani, jasho likimtoka, na kabla hajakaa vizuri angesikia: "Haya, mwanangu, sampuli yako ni ipi, na umeipataje?" Wengi walitoka na karatasi zao zikiwa bado kwapani.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu kuinama ili wamsikie. Ofisi yake ilikuwa ya pembeni kabisa katika ghorofa ya pili, na dirisha lake lilitazama paa la bati la karakana ya chuo. Tasnifu za wanafunzi zilikuwa zimepangwa sakafuni hadi kufikia usawa wa dirisha, na mlango wa kabati la chuma ulifungwa kwa kusokotewa kipande cha karatasi. Humo ndimo alimomalizia zaidi ya nusu ya umri wake akifundisha mbinu za utafiti, somo ambalo kila mtu hulazimika kulisoma na karibu hakuna anayelipenda. Kuna jambo alilirudia darasani mpaka wanafunzi wakawa wanalimalizia wenyewe: mtafiti asijiingize katika kile anachokipima. "Ukijihesabu na wewe," alisema, na darasa likaitikia, "umeshaharibu!"

Nyumbani alikuwa Mama Pacha. Pacha wenyewe walikuwa wameshaolewa na kwenda zao, mmoja kaskazini na mwingine kusini, na nyumba ilibaki na wazee wawili: yeye na mumewe, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye sikio lake moja lilikuwa limeanza kumgomea. Walizoeana kiasi cha kutosha kukaa jioni nzima bila kusemezana na asiwepo aliyenuna.

Kila mwaka Sampuli alihudhuria mkutano wa chama cha watafiti wa elimu. Chama kiligawa shughuli zake katika mikondo: mkondo wa mitaala, mkondo wa lugha, mkondo wa uongozi wa shule, na wa mwisho, uliowekwa siku zote katika chumba kidogo kuliko vyote, mkondo wa mbinu za utafiti. Kila mkondo ulikuwa na mwenyekiti aliyechaguliwa na wanachama wake. Kilikuwa cheo kisicho na mshahara wala gari, lakini mwenyekiti ndiye aliyeamua ni mada ya nani itasomwa na ya nani itarudishwa, nani atakaa meza ya mbele na nani atasimama mlangoni. Kwa watu wanaoishi kwa kusikilizwa, hilo si dogo.

Mwenyekiti wa miaka mingi alikuwa mzee mmoja mcheshi ambaye macho yake yalianza kufifia. Ikisiri za mada alikuwa akisomewa na Sampuli. Baadaye akawa hasomewi tena, bali anaambiwa tu ipi inafaa. Na siku ya mwisho ya kila mkutano, Sampuli alikuwa na kikao chake mwenyewe, walichokiita chumba cha wanaoanza. Vijana walileta kazi zao zilizokwama, yeye akakaa nao hadi wahudumu waje kukusanya viti. Hakukuwa na aliyemtuma. Alipenda tu kuona mtu aliyeingia amekunja uso akitoka amekunjua.

Mzee alipotangaza kwamba anang'atuka, wa kwanza kumvamia Sampuli alikuwa mkutubi mkuu wa chuo chake, naye mwanachama wa mkondo huo. Huyo wanafunzi walimwita Kimya, kwa sababu neno hilo ndilo alilowapigia kelele kutwa kucha maktabani. Yeye mwenyewe tangu azaliwe hajawahi kukaa kimya. Walikuwa marafiki wa tangu ujana, wa kulishana na kuazimana viatu.

"Mwaka huu ni wako," Kimya alimwambia, akiwa amesimama katikati ya tasnifu kama mtu aliyezingirwa na maji. "Na usinitolee macho. Kazi umeifanya miaka yote, jina akabeba mzee wa watu. Sasa jina nalo ulibebe."

"Mwenzangu, mimi na majukwaa wapi na wapi?"

"Jukwaa niachie mimi. Wewe kazi yako ni kukubali tu."

Akakubali. Kumkatalia Kimya kulichosha kuliko kukubali.

Mshindani alikuwa mmoja tu, profesa wa takwimu kutoka chuo kingine. Huyo aliitwa Jedwali, kwa kuwa hata ukimuuliza habari za watoto wake angetafuta karatasi akuchoree safu mbili. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mtu wa watu, shati limenyooka, kicheko chake kinamtangulia ukumbini. Siku ya kwanza ya mkutano alimfuata Sampuli penye chai, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada yangu, tushindane lakini tusigombane. Atakayeshinda amletee mwenzake kikombe."

"Kisiwe na sukari," Sampuli alisema, na wote wawili wakacheka.

Kimya hakucheka. Kwa siku mbili alizunguka kama mwenye harusi, kutoka meza hadi meza, akiwabana watu kwenye korido, akiwakumbusha wengine tasnifu zao zilisimamiwa na nani. Miongoni mwa aliowabana alikuwa mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu cha mbali, mwanamume mwembamba aliyevaa koti moja mkutano hata mkutano. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Sampuli zamani, na tangu wakati huo wenzake walimwita Mpole. Alikuwa na kigugumizi kidogo kilichomjia akiharakishwa. Kimya alimharakisha.

"Kura yako iko wapi?"

"I... iko kwa mwalimu wangu. Iwe wapi tena?"

Mchana wa uchaguzi walikusanyika katika ukumbi wa mihadhara wenye viti vilivyopigiliwa sakafuni. Kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji ndani ya ndoo, na kila aliyesimama kuzungumza alijikuta akizungumza kwa kufuata mdundo wa yale matone. Jedwali alitangulia. Alizungumza vizuri kupita walivyotarajia hata wafuasi wake. Alieleza jinsi walimu wanavyoletewa ripoti zilizojaa asilimia wasizoweza kuzihoji, wakazimeza hivyohivyo na kuwafundishia watoto wa watu. Alitaka mkondo uwape walimu hao ujasiri wa kuuliza. Sampuli, akiwa ameketi mstari wa pili, alijikuta akitikisa kichwa kukubali.

Zamu yake ilipofika, mtu wa nyuma alipaza sauti: "Hatusikii!" Akajaribu kupandisha sauti, ikakwaruza. Alieleza kidogo kuhusu chumba cha wanaoanza, akasahau nusu ya aliyoyapanga, akashukuru, akakaa. Walimpigia makofi ya heshima, yale ambayo mtu akiyapigiwa hujua ni ya heshima.

"Usihangaike," Kimya alimnong'oneza. "Tumeshapita."

Karatasi za kura zikagawiwa. Zilikuwa na majina mawili na visanduku viwili. Sampuli akaiweka yake juu ya goti, akaliona jina lake limechapwa pale, na mkono ukamgomea. Mama yake alimlea hivi, kwamba msichana anayepakua chakula hujiwekea wote wakishapata. Na miaka yote hiyo alikuwa amewaimbia watoto wa watu wasijihesabu. Sasa ajihesabu mwenyewe, hadharani, kwa kalamu? Isitoshe, yule bwana alikuwa amesema maneno ya maana. Na chini kabisa ya sababu hizo zote, mahali ambapo hakupenda kuchungulia, palikuwa na woga. Akishinda itambidi asikike, mwaka baada ya mwaka, hadi nyuma ya ukumbi.

Akaweka alama kwa Jedwali. Akaikunja ile karatasi haraka, akaitumbukiza katika boksi la chaki lililokuwa likipitishwa, akasikia wepesi kama mtu aliyetua mzigo. Kura moja itabadilisha nini, na Kimya ameshasema wamepita?

Msimamizi alizifungua moja baada ya nyingine na kuzisoma kwa sauti. Majina yalifuatana, la huyu na la yule, mpaka watu wakaacha kuongea. Alipomaliza alihesabu tena, akamwita mwenzake naye ahesabu. Halafu akasema: Jedwali ishirini na mbili, Sampuli ishirini na moja.

Ukumbi ukalipuka. Katika kelele hizo Kimya akamkamata Sampuli kiwiko, kucha zikamwingia.

"Nilikuwa na ishirini na mbili! Nimewahesabu mmojammoja, nikiwemo mimi na wewe. Ishirini na mbili! Kuna mtu kanila kisogo."

Sampuli akafungua kinywa. Neno lilikuwa palepale ulimini, na lingetoka. Lakini Jedwali alikuwa ameshafika, amefungua mikono, jasho la furaha linamtiririka, anasema dada, dada, pole na asante, na chai inakuja. Alipomaliza kukumbatiwa, Kimya alikuwa mbali, anatazama nyuso za watu moja baada ya nyingine kama askari wa lango.

Nyumbani, mumewe alizima redio alipomwona mlangoni.

"Wamekuangusha?"

"Kwa kura moja."

"Moja!" Yule mzee akatabasamu ili kumchangamsha. "Au ulimpigia mwenzako, wewe mama wa heshima?"

Ulikuwa utani. Lakini Sampuli alikaa kitini na mkoba wake bado begani, na tabasamu la mumewe likafifia taratibu.

"Lo," alisema. "Kimya anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Mwanamke yule amezunguka siku mbili kwa ajili yako. Ukimwambia, utakuwa umemtemea mate. Jambo limepita, Mama Pacha. Acha lipite."

Ulikuwa ushauri wa mtu anayempenda. Aliufuata.

Lakini Kimya hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite. Aliporudi maktabani alianza kuwachambua watu wake kama mchele, akiwatoa mmojammoja waliokuwa hawana doa, na aliyebaki kwenye ungo alikuwa Mpole. Ushahidi ulikuwepo. Asubuhi ya uchaguzi watu walimwona akinywa chai na Jedwali, tena akicheka. Haukupita muda mrefu, Jedwali akamteua kuwa katibu wa mkondo. Alimteua kwa sababu alijua ni mtu makini asiyepoteza karatasi, na wala hakuwa na sababu nyingine. Lakini nani angeamini hivyo?

"Si unaona?" Kimya alimwambia Sampuli, sauti inatetemeka kwa hasira na kwa ushindi pia. "Si unaona? Ndiyo malipo yake hayo! Umemfundisha, umemsomea tasnifu mpaka nukta, halafu anakuuza kwa kikombe cha chai."

Sampuli alikuwa mwalimu aliyetumia maisha yake akiwakatalia wanafunzi hitimisho lisilo na ushahidi wa kutosha. Kijana angemletea kikombe cha chai na kicheko, akadai amethibitisha usaliti, angemrudishia karatasi yake bila kuisoma hadi mwisho. Lakini siku hiyo alisema tu, "Pengine siye."

"Kama siye, ni nani?"

Sampuli akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Maneno yakasafiri. Chama kilikuwa kidogo na Kimya alijuana na kila mtu. Hakuna aliyemtukana Mpole usoni. Walimfanyia lile ambalo wasomi hufanyiana: barua zake zikakawia kujibiwa, jina lake likarukwa katika kundi la waliokuwa wakiandaa kitabu cha pamoja, na akiingia mahali mazungumzo yakageuka kuwa ya hali ya hewa. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, alifunga safari ya kutwa nzima hadi ofisini kwa Sampuli.

Alifunga mlango, akasimama palepale mlangoni na lile koti lake, akakataa kiti.

"Mwalimu, nimesikia wanavyosema. Sikuja ku... kujitetea. Nimekuja nikuambie mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Mimi nilikupigia wewe."

"Najua," Sampuli alisema.

Alilisema upesi mno. Mpole akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu aingie uso wake ukapata uhai.

"Unajua? Unajuaje, Mwalimu?"

Karakana ya chini walikuwa wakikata chuma. Sampuli alisubiri kelele zile zipungue, na zilipopungua hakuwa tena na kisingizio cha kusubiri. Angeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili tu, na mtu aliyekuwa mbele yake hakuwa na kinyongo. Lakini aliona jinsi Kimya atakavyopata habari, jinsi watu watakavyomcheka Kimya na kampeni yake yote ile, jinsi watakavyosema kumbe hata yeye mwenyewe hakujitaka.

"Nakufahamu tu," alisema. "Nakuamini."

Uhai ule ukatoka usoni kwa Mpole kama ulivyoingia. Alitikisa kichwa, akashukuru, akaomba ruhusa. Pale ngazini alishuka polepole kama mtu anayeogopa kuteleza.

Miezi haikuwa mingi, Jedwali akapokea barua ya kujiuzulu kwa katibu wake, yenye mistari miwili. Mpole akaiondoa pia mada aliyokuwa ameiandaa kwa mkutano uliofuata. Ilikuwa mada nzuri. Sampuli alikuwa ameisoma rasimu yake, habari za watoto wanaokaa madawati ya nyuma na walimu wasiowaona, na alikuwa ameandika pembeni "endelea hivihivi". Siku aliyosikia kwamba imeondolewa, alitoka ofisini, akapanda hadi maktaba, akamwambia Kimya amfuate chumba cha magazeti ya zamani, ambako hakuendi mtu.

"Ile kura," alisema, "ni yangu."

"Kura gani?"

"Iliyopungua. Sikujipigia. Nilimpigia Jedwali."

Kimya alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza Sampuli kumwona hana la kusema, na ilimtisha kuliko kelele zake zote. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ndogo ya maktaba.

"Na muda wote huu unanisikiliza tu. Nazunguka, nalia, namchafua mtoto wa watu, wewe unanitazama."

"Niliona haya, dada."

"Haya ulimwonea nani? Mimi? Mimi niliyekwenda kumpigia magoti hata mtu tusiyesalimiana naye ili akuchague?" Akasukuma rundo la magazeti kwa mkono, likateleza, vumbi likapanda. "Afadhali ungeniacha na Mpole wangu. Yule nilikuwa namchukia, nalala usingizi. Sasa nimchukie nani?"

Alitoka, akamwachia Sampuli kazi ya kuokota magazeti. Tangu siku hiyo walisalimiana kama watu wanaofanya kazi jengo moja. Kimya hakumwomba Mpole radhi. Hakuwa mkatili, hakujua tu aanzie wapi, na kadiri siku zilivyokwenda mwanzo huo ulizidi kuwa mbali. Wala siri ya kura hakumwambia mtu. Labda aliogopa kuchekwa, labda ulikuwa wema wake wa mwisho kwa rafiki yake.

Sampuli alikwenda mwenyewe hadi chuo cha ualimu. Kilikuwa majengo marefu ya rangi ya udongo yenye kiwanja cha mpira katikati. Alimkuta Mpole chumba cha wakufunzi, peke yake kwenye meza ya watu wanane, akisahihisha daftari za mazoezi. Walipomaliza kuulizana habari za nyumbani, alimwambia yote, toka karatasi ilipokuwa juu ya goti hadi siku ile mlangoni. Hakujipunguzia chochote. Mpole aliendelea kuishika kalamu nyekundu, lakini hakusahihisha.

"Kwa hiyo uliposema unajua," alisema mwishoni, "ulikuwa unajua kweli."

"Nilijua."

"Nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mke wangu: Mwalimu ananiamini. Nikamwambia hivyo kama mtu aliyepewa zawadi." Kigugumizi hakikumjia hata kidogo. "Kumbe hukuwa unaniamini. Ulikuwa unajua tu. Ni vitu viwili tofauti, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe." Alisema kwa adabu, kama mtu anavyojibu salamu. "Lakini kuniambia mimi hakunisaidii. Mimi nilikuwa najua sikufanya. Wasiojua ni wao."

Ndiyo maana katika mkutano uliofuata Sampuli alikaa siku zote mbili ameshika ratiba mkononi, akisubiri kipengele cha mwisho cha kikao cha mkondo, kile cha mengineyo. Mkondo ulikuwa umehamishiwa chumba kikubwa. Jedwali alikuwa mwenyekiti mzuri, hilo hakuna aliyelipinga. Walimu walifurika kujifunza kuzihoji asilimia. Chumba cha wanaoanza hakikuwepo kwenye ratiba. Jedwali alikuwa amekisahau tu, na Sampuli hakuwa na moyo wa kumkumbusha. Kimya alikuwa ameketi upande wa pili, karibu na ukuta.

"Mengineyo?" Jedwali aliuliza, akitazama saa.

Sampuli akasimama. Walimpisha kwa heshima, mtu akamletea kipaza sauti.

"Mwaka jana," alisema, na sauti yake safari hii ilifika nyuma, "nilishindwa kwa kura moja. Zilienea habari kwamba kuna ndugu yetu mmoja alinigeuka. Mnamjua. Leo hayupo hapa. Ndugu yule hakunigeuka. Kura ile ilikuwa yangu. Nilimpigia mshindani wangu."

Kisha mtu mmoja wa mstari wa kati akaangua kicheko, kicheko cha furaha tupu, na mwingine akadakia: "Ukijihesabu na wewe!" Na wale wote waliowahi kupita darasani kwake, nao walikuwa wengi, wakaitikia kwa sauti moja: "Umeshaharibu!" Chumba kizima kikacheka. Watu walipiga makofi, wakasimama, wengine wakifuta machozi. Hivyo ndivyo alivyo Sampuli, walisema, huyo ndiye mwalimu wetu, hajapata kutokea mtu wa namna ile. Alijaribu kuendelea. Alisema, "Jamani, nisikilizeni, mtu ameumia," lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa na mtu aliyetaka kutoa neno la shukrani kwa unyenyekevu wake.

Wawili hawakucheka. Kimya alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake. Na Jedwali, kule mbele, alikuwa amesimama na karatasi zake, tabasamu limemganda usoni kama limebandikwa.

Alimkuta Sampuli kwenye korido watu walipokuwa wakienda kula.

"Kumbe," alisema.

"Ulistahili, kaka. Hotuba yako ilikuwa nzuri."

"Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia walinichagua." Alitafuta utani, akaukosa. "Bora ungeliacha hilo moyoni mwako." Akaenda zake, na safari hii kicheko chake hakikumtangulia.

Sampuli alitoka nje upande wa nyuma ya jengo, walikopanga viti vibovu, akampigia Mpole simu. Iliita muda mrefu kabla haijapokelewa. Nyuma ya sauti yake zilisikika sauti za darasa.

"Nimewaambia," Sampuli alisema. "Wote. Kwenye kikao."

"Walisemaje?"

Alitafuta neno jingine, lakini halikuwepo.

"Walicheka."

Kwa upande wa pili kulikuwa na sauti za viti vikiburutwa, na mtu akiomba ruhusa ya kwenda nje. Mpole alimpa ruhusa. Kisha akarudi kwenye simu.

"Haya, Mwalimu. Ahsante kwa kunijulisha. Nina wanafunzi hapa."

"Mkutano ujao je? Utakuja?"

"Sidhani," alisema kwa upole wake uleule. "Msalimie Baba Pacha."

Simu ikakatika. Sampuli akabaki pale kati ya viti vibovu mpaka wahudumu wa ukumbi walipotoka na vyombo vichafu, wakamuuliza kama amekwisha kula. Akawaambia ndiyo, ameshakula, akaingia ndani kuchukua mkoba wake.